Vijana wa Ulaya kwenye viti vya wabunge

Msikilizaji, tangu mwaka 2014 Bunge la Ulaya limekuwa likiwaalika mjini Strasbourg, Ufaransa, maelfu ya vijana wa miaka 16 hadi 30 kwa tamasha lao. Hukalia viti vya wabunge, vifaa vya tafsiri masikioni, wakijadili Ulaya waitakayo.

Je, hilo linatuhusu nini sisi? Linatuhusu. Bunge hilo ndilo lililoidhinisha, mwaka 2024, mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya, unaomgusa mkulima wa parachichi na mchuma maua wa Naivasha. Wengi wa vijana hao ni wapiga kura wa Bunge hilo.

Sasa tuzipime hoja. Wanaoliunga mkono tamasha wanasema kijana wa Ureno akikaa meza moja na wa Estonia, chuki hupungua. Wakosoaji, kwa upande wao, wanadai wanaofika ni wale wale waliokwisha kuuamini umoja. Kibarua wa kijijini asiye na nauli hayumo.

Pande zote mbili zina hoja. Swali linalobaki ni hili: umoja unaojadiliwa na waliofika utamshawishi vipi aliyebaki nyumbani?