Asomaye Ugenini Asome Kwanza Masharti

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapokwisha kutangazwa, hapa mjini Bujumbura huanza safari nyingine ambayo haitajwi katika taarifa ya habari. Ni safari ya vijana wenye bahasha mkononi, wakitoka Buyenzi, Ngagara, Kamenge na Musaga, na wengine wakitoka mbali, Ngozi, Rumonge au Ruyigi, kuelekea kwenye milango ya balozi. Wanakwenda kuomba viza ya kusoma nchi za nje. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo, nakala za diploma zilizothibitishwa, cheti cha daktari na hati za benki. Nyuma ya bahasha hiyo wamo wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba, na shangazi aliyechanga akiba yake ya miaka. Basi jambo hili si la kijana mmoja. Ni la ukoo mzima, na kwa hiyo ni la taifa.

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kulikumbusha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Viza ya masomo ni ruhusa yenye mwanzo na mwisho. Vijana wetu husoma kwa bidii masharti ya kuingia, wakayahifadhi kama sala. Lakini ni wachache wasomao masharti ya siku ile chuo kitakapowakabidhi shahada. Na humo ndimo wengi wanamokwama.

Tuutazame mfano wa Marekani, kwa kuwa umetugusa sisi Warundi moja kwa moja. Sheria ya nchi hiyo humtaka mwombaji wa viza ya masomo amthibitishie afisa wa ubalozi kwamba ana makao kwao, na kwamba hana nia ya kuyahama. Papo hapo, kanuni za nchi hiyo hiyo humruhusu mhitimu kufanya kazi katika fani aliyoisomea kwa miezi 12, na aliyesomea sayansi, uhandisi au hesabu anaweza kuongezewa miezi 24. Yapo wanaodhani kanuni hizi mbili zinapingana. La hasha! Kazi hiyo imehesabiwa kuwa ni sehemu ya mafunzo, haikuwekwa iwe njia ya kuhamia. Muda ukiisha, mhitimu hana budi kurudi, au kuomba hadhi nyingine kwa njia ya sheria.

Lakini tarehe 4 Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo ambalo, kuanzia tarehe 9 ya mwezi huo, lilisimamisha kwa raia wa Burundi viza za utalii na biashara pamoja na viza za masomo na za kubadilishana wataalamu. Tangazo jingine la mwezi Desemba mwaka huo huo liliiacha Burundi katika orodha. Sababu iliyoandikwa ni kwamba Warundi wamekuwa wakipitisha muda wa viza zao, na kwa upande wa wanafunzi na wataalamu hao kilitajwa kiwango cha asilimia 17.52.

Ndugu wasikilizaji, hesabu hiyo yafaa kutazamwa pande zote mbili. Upande wa kwanza unatuuma: katika kila mia, zaidi ya kumi na saba hawakuondoka kwa wakati. Upande wa pili haukutajwa: katika kila mia hiyo hiyo, zaidi ya themanini na wawili walitimiza ahadi yao. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Walisema hivyo juu ya samaki walio katika tenga. Hawakuwa na maana kwamba mwanafunzi mwaminifu ahukumiwe kwa kosa la mtu asiyemjua hata kwa jina. Taifa dogo, lenye wanafunzi wachache ng'ambo, huchafuliwa hesabu yake na watu wachache sana. Hivyo twasema bila kusita kwamba adhabu ya jumla si haki. Hata hivyo twasema pia kwamba yule aliyebaki huko bila kibali hakujifunga yeye peke yake. Aliufunga mlango mbele ya mdogo wake ambaye bado yuko darasani.

Tugeukie Ubelgiji, nchi ambako Warundi wengi wana jamaa. Huko mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ataweza kujikimu, na njia inayotumiwa sana ni hati ya mdhamini. Yawapasa wazazi waijue vizuri hati hii. Kaka au mjomba anayeitia saini hatoi salamu za heri tu. Anajifunga kisheria kulipa gharama za masomo, makazi na matibabu ya kijana, hata na gharama za kumrudisha nyumbani ikibidi. Kijana naye anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wala si zaidi. Anayehesabu kwamba atajilipia kila kitu kwa mshahara wa saa hizo amejidanganya mwenyewe.

Tangu mwaka 2021, mhitimu wa chuo cha Ubelgiji anaweza kuomba miezi 12 ya kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yake. Neno la kuzingatia hapa ni kuomba. Ruhusa hii haimfuati mtu kitandani. Huombwa kabla kibali cha masomo hakijamalizika. Ujerumani hutoa miezi 18 kwa kusudi hilo hilo. Muda waonekana mrefu, lakini kwa mgeni atafutaye kazi miezi hupita kama maji ya Ruzizi.

Wakati milango ya mbali inapozidi kuwa myembamba, ni vema tuikumbuke milango ya jirani. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo, Mrundi aliyekubaliwa na chuo cha Kampala, Nairobi au Dar es Salaam haendi kupanga foleni ya viza. Anaingia kwa hati yake ya kusafiria, kisha anaomba pasi ya mwanafunzi. Naye aliyepata mkataba wa kazi katika nchi mwanachama anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi baada ya mkataba kufungwa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu waliitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo hatutaki kumpamba jirani kwa rangi asizo nazo. Kila nchi ilijiwekea orodha ya kazi inazozifungua kwa raia wa nchi nyingine, na si zote zilizoondoa ada za vibali. Diploma ya Burundi bado hupelekwa kupimwa ulinganifu wake, iwe ni kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda au kwa Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania. Na kijana aliyefundishwa kwa Kifaransa atakuta mihadhara inatolewa kwa Kiingereza. Asiyejiandaa atapoteza mwaka mzima akijifunza lugha, huku karo ikimhesabia siku.

Je, tufanye nini? Kijana kwanza aandike katika daftari tarehe tatu: ya kuisha kwa viza, ya kuisha kwa masomo, na ya mwisho ya kuomba ruhusa ya kazi. Mali bila daftari huisha bila habari, na viza ni mali. Wazazi nao wajihadhari na madalali wanaouza barua za vyuo na hati za benki za kughushi. Ada ya ubalozi hairudishwi hata ombi likikataliwa, na hati moja ya uongo yaweza kumfungia mtu njia maishani.

Lakini si haki kuwaachia wananchi mzigo wote. Ofisi zinazohusika na elimu na misaada ya masomo hazina budi kuyaweka masharti haya mahali yanapoonekana, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ili mzazi wa Muyinga asilazimike kumlipa dalali wa Bujumbura kwa habari isiyouzwa. Fedha za kigeni za karo zipatikane kwa utaratibu ulio wazi, kwani chuo hakingoji. Zaidi ya yote, anayerudi na shahada yake apokewe. Twamtaka kijana aape mbele ya afisa wa ubalozi kwamba kwao kuna makao yanayomngoja. Basi na makao hayo yawe na kazi ndani yake. Akirudi akakaa miaka mitatu barazani akizungusha barua za maombi, tutamwambia nini mdogo wake anayefunga bahasha?

Kwenda kusoma ugenini si aibu, wala kufanya kazi huko kwa ruhusa si kosa. Kosa ni kwenda bila kujua lini ruhusa inakwisha. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.