Kodi ya jengo, mfuko wa mpangaji

Ukinunua umeme wa LUKU nchini Tanzania, kodi ya majengo hukatwa hapo hapo. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Sasa njoo Kariakoo, kitovu cha biashara cha Dar es Salaam. Ghorofa la sakafu kumi linadaiwa 900,000 kwa mwaka. Kwa mwenye jengo la Mtaa wa Kongo, hizo ni hela za vocha. Mwenye ghorofa la sakafu kumi kule Chanika, pembezoni mwa jiji, analipa kiwango kile kile, ilhali pango lake ni dogo kuliko lile la Kongo. Hapo ndipo ninapoona kasoro: sheria inahesabu sakafu, haiulizi zinaingiza nini.

Halafu, nani anayelipa? Kisheria ni mwenye jengo. Ila anayeingiza tokeni kwenye mita ni mpangaji wa fremu. Serikali ilisema wamalizane wenyewe. Wamalizane vipi, na anayesubiri fremu hiyo hiyo yupo nje na kilemba, yaani pesa ya kupewa fremu, mkononi?

Tuseme kweli, 7,500 haifungi duka. Lakini inaikuta leseni, pango la miezi sita na makadirio ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na malalamiko ya kodi ndiyo yaliyowafanya wafanyabiashara wa Kariakoo wagome na kufunga maduka Mei 2023 na Juni 2024. Duka likifungwa, wa kwanza kukosa posho ni kijana wa kaunta na kuli wa mkokoteni.