Utajuaje Kwamba Mtoto Mchanga Anaharisha?

Mama, baba, na wewe bibi unayelea mjukuu, uwe Nyarugusu, Kakuma au kambi nyingine, karibu usikilize.

Mama wengi huuliza: "Mtoto wangu ananyonya tu, na choo chake ni laini kila siku. Nitajuaje kama anaharisha?" Ni swali zuri. Choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake huwa laini, cha njano, chenye chembechembe. Anaweza kukipata kila baada ya kunyonya. Ikiwa ananyonya vizuri, amechangamka na anaongezeka uzito, huyo haharishi.

Basi, ijue kawaida ya mtoto wako. Choo kikigeuka ghafla kuwa majimaji, na kikatoka mara nyingi kuliko kawaida yake, anaharisha. Kwa mtoto aliyeanza kula, choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku moja ni kuharisha.

Hatari kubwa ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Mtoto ni mdogo, maji yake huisha upesi. Mwangalie: macho yamezama? Utosi umebonyea? Mdomo umekauka? Mkojo umepungua? Finya taratibu ngozi ya tumbo, kisha uiachie. Ikichelewa kurudi, amepungukiwa maji.

Wapo watakaokuambia ni meno ya plastiki, yang'olewe. Usikubali. Kumng'oa mtoto fizi hakuzuii kuharisha. Humtoa damu na kumletea vidonda na maambukizi. Utosi uliobonyea nao hauhitaji kupakwa dawa. Unakuonyesha kwamba mtoto anahitaji maji mwilini.

Ufanye nini? Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Usimwachishe ziwa. Mpeleke zahanati akapimwe. Ukipewa pakiti ya ORS, nawa mikono kwa sabuni, mimina pakiti yote katika maji safi ya kunywa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole. Yakipita saa 24, mwaga yaliyobaki, utengeneze mengine. Ukipewa na vidonge vya zinki, vimalize kwa siku zote ulizoambiwa, hata kama choo kimeshakuwa kizuri.

Usingoje kupambazuke ikiwa mtoto hajafikisha miezi 2, choo kina damu, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, amelegea na haamki vizuri, au amepata degedege. Gonga kwa jirani, omba msaada, mwende zahanati usiku huo huo. Njiani, kama anaweza kunyonya, endelea kumnyonyesha.

Tafadhali mweleze na jirani ambaye hana redio.