Midomo Mikavu ya Watoto Wetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano wa mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu. Huenda wengine wakauliza kwa nini mkutano huu, wenye mambo mazito ya ada, ya mazishi na ya karo za shule, usimame kuzungumza juu ya midomo ya mtoto anayeanza kutembea. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mtuhukumu.

Wakati wa kiangazi, nyumbani kwetu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikauka midomo hata ikapasuka. Tulisema ni upepo wa ziwa. Tukampaka mafuta asubuhi na jioni, tukaridhika kwamba wajibu wetu tumeutimiza. Mtoto alikuwa akiharisha, lakini kuharisha huko tulisema ni kwa sababu ya meno yanayoota. Siku ya pili nyanya yake alikuja kutusalimu. Mtoto akalia. Mama mzee alimtazama, asiseme neno lo lote juu ya mafuta, ila aliuliza, "Machozi yake yako wapi?" Ndipo tulipotambua ya kuwa mtoto analia pasipo machozi, na ya kuwa hajakojoa tangu usiku. Tulipanda pikipiki mpaka zahanati, akanyweshwa kijiko baada ya kijiko, na leo anakimbia. Lakini lau tungalingoja siku moja zaidi, pengine tungalisimama mbele yenu kwa habari nyingine.

Kwa hiyo twataka kusema mambo mawili: namna ya kuitunza midomo iliyokauka kwa upepo tu, na namna ya kujua kwamba ukavu huo ni mjumbe wa jambo kubwa zaidi.

Ngozi ya mdomo ni nyembamba, wala haina vijitundu vya kutoa mafuta kama ngozi nyingine ya mwili. Hivyo jua na upepo huikausha upesi. Mtoto akiona midomo inamkera, huilamba. Mate hukauka, nayo yakikauka huuacha mdomo mkavu kuliko mwanzo, na ngozi iliyouzunguka huwa nyekundu. Kumkaripia mtoto mdogo asilambe ni kazi bure. Yatupasa kumziba mate yasifike ngozini.

Dawa yake ni rahisi. Osha mikono. Pangusa midomo ya mtoto taratibu kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, wala usibandue magamba kwa ukucha. Kisha paka mafuta mazito ya mgando, aina ya Vaseline, yasiyo na manukato wala rangi, kiasi cha punje ya mchele. Paka kabla ya kula, kabla ya kutoka nje, na hasa wakati wa kulala. Mtoto na awe na kikopo chake mwenyewe, kisichochovywa vidole na nyumba nzima.

Yako pia mambo ya kuepuka. Mafuta ya mafua na ya maumivu, yale yenye kafuri na yanayochoma ngozi, yasipakwe mdomoni mwa mtoto. Atayalamba, na kafuri ikimezwa ni sumu kwake. Krimu za kung'arisha ngozi zisimkaribie kabisa, kwa kuwa baadhi yake zimekutwa na zebaki. Asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata kwa kupakwa mdomoni, maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga hata pumzi. Na wale wa Awendo wenye miwa, na sote wenye miembe, tukumbuke kwamba makapi ya muwa hukata midomo, na utomvu wa ganda la embe huiunguza. Menya embe, kisha mwoshe mtoto uso baada ya kula.

Ikiwa nyufa ziko pembeni mwa mdomo, wala haziponi, huenda ni ukungu unaokaa katika mate, au damu imepungua madini ya chuma, au chakula kimekosa vitamini. Hapa tusijidharau: omena wetu, mayai, maziwa, na mboga kama mnavu na mgagani ni chakula bora cha mtoto. Ikiwa mna utando mweupe kinywani usiofutika, nao hurudi mara kwa mara, apelekwe kliniki akapimwe. Na mtu mzima mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto, kwa maana huambukiza.

Sasa twaja kwenye jambo kubwa. Mtoto anayeharisha au kutapika, kisha midomo na ulimi vikakauka, anapungukiwa na maji mwilini. Tazama kama analia bila machozi, kama macho yamedidimia, kama hakojoi. Finya ngozi ya tumbo uiachie. Ikirudi polepole, hatari imekaribia. Akilegea, akishindwa kunywa, au akitapika kila kitu, usingoje kuche. Hali kadhalika, homa yo yote hapa kwetu kando ya ziwa yatakiwa kupimwa malaria siku ile ile. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilianzishwa nchini Kenya katika Homa Bay mwezi wa Septemba 2019. Na homa ikidumu siku tano pamoja na macho mekundu na midomo myekundu iliyopasuka, daktari lazima amwone.

Wakati wa kuharisha, mpe dawa ya ORS: pakiti ya lita moja katika lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Pakiti ikikosekana, tia katika lita moja vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili anyweshwe robo hadi nusu kikombe kila aharishapo. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Usimnyime ziwa la mama wala chakula. Ukifika zahanati, ulizia na vidonge vya zinki.

Asiwepo wa kuyadharau maji haya. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, kipindupindu kilikuwa kikiua karibu watu 30 katika kila 100 waliougua. Daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa na maji ya mishipani, aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe, na vifo vikashuka chini ya 4 katika 100. Kazi hiyo ilifanywa kwa vikombe tu.

Wazee wetu, chama hiki hukusanya fedha upesi sana mtu akifa. Ni desturi njema, wala hatuisemi vibaya. Lakini twaomba mkutano ukubali kwamba katika kila tawi, nyumba moja iwekwe pakiti za ORS kwa fedha za chama, na kila mama ajue nyumba hiyo hata usiku wa manane. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango wa jeneza moja dogo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mdomo wa mtoto nao ni ufa. Tuupake mafuta, lakini kwanza tuulize kama nyanya yule alivyouliza: machozi yako wapi?