Tulimpigia Makofi kwa Marejesho, Kumbe Biashara Haikuwa Yake

(Maelezo ya Kamati ya Mikopo, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka 10 ya chama)



Taarifa ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtasomewa na Mtunza Fedha, na imechapwa kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa robo saa kuzungumzia jambo ambalo halimo katika taarifa ile, nalo ni namna mtu anavyoweza kutambua kwamba kazi anayoifanya haimfai. Tumelichagua kwa sababu tangu tulipoanza mwaka 2015 ndipo tulipokosea zaidi, na ni afadhali tuliseme wenyewe hapa kuliko lisemwe bombani.

Mwaka 2016 mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kueleza habari zake ila jina tuliache, alichukua mkopo wa kwanza akafungua kibanda cha mama ntilie jirani na stendi. Yeye alikuwa fundi wa kushona nyumbani, lakini wakati ule karibu kila aliyekuja kukopa alitaja chakula, naye akataja chakula. Alipika vizuri, waliokula pale mnajua. Akarejesha mkopo wa kwanza bila faini hata moja. Akapewa wa pili, akarejesha. Wa tatu vile vile. Tukawa tunamsimamisha kikaoni na kumpigia makofi, na waliochelewesha tukiwaambia, "Mtazameni mwenzenu!"

Mwaka 2019, akiomba mkopo wa nne, mwanachama mmoja akamwuliza kwa mzaha tu: shoga, ile cherehani yako iko wapi, nina gauni langu la kupunguza? Akanyamaza. Halafu akasema kwamba cherehani ndiyo tuliyokuwa tukiipokea kila Jumamosi. Alikwisha kuiuza. Kabla yake alikuwa ameuza kabati la vyombo, na marejesho ya mwisho yalitoka kwenye fedha za kodi ya nyumba alizoachiwa na mumewe. Mume hakuwa na habari.

Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi, jamani.

Tulikaa naye tukapiga hesabu, jambo ambalo tungelifanya miaka mitatu nyuma. Kwa siku aliuza sahani 40 kwa shilingi 2,000, yaani 80,000. Mchele, maharage, samaki, mafuta, mkaa, maji, ushuru na msichana wa kumsaidia vilikula 68,000. Kwenye karatasi ana faida ya 12,000, na ndivyo alivyotuandikia kwenye fomu. Lakini kati ya sahani 40, kama 10 hivi zililiwa kwa mkopo na wapiga debe na makuli, ambao wengine walilipa mwisho wa wiki na wengine wakahamia kibanda kingine. Kwa hiyo siku ya namna hiyo mkononi alikuwa na 60,000, na kesho yake sokoni alihitaji 68,000. Pengo la 8,000 lilizibwa na mkopo wetu. Mkopo ulipokwisha likazibwa na kabati, kisha na cherehani.

Hapo msije mkasema basi kazi ya mama ntilie haina faida. Aliyekuwa kibanda cha pili, sufuria zile zile na bei ile ile, amejenga. Tofauti ni kwamba yule anaweza kumwambia mtu mzima mbele ya wenzake, "Kaka, lipa ya jana kwanza," na yule kaka akacheka na kulipa. Mwenzetu hawezi. Anasema kudai kulimtia homa. Asubuhi ikinyesha mvua kubwa, mtaji umo ndani ya ndoo unaharibika, yeye alikuwa akimshukuru Mungu kwamba leo haendi. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu kwa upole: mngeniambia mimi mvivu. Na ni kweli tungemwambia.

Tokea hapo tukaanza kuziangalia dalili ambazo daftari la marejesho halizionyeshi. Tunauliza fedha ya rejesho imetoka wapi, si tu kama imefika. Ikitoka kwenye biashara, hewala. Ikitoka kwa mume, kwa shangazi, kwa kuuza kitu cha ndani au kwa kukopa chama kingine, tunakaa kitako. Dalili nyingine ni mtu kuacha kuandika daftari lake la mauzo, maana hakuna anayependa kusoma habari mbaya kila jioni. Nyingine ni kwamba mwili umechoka hata siku ya mauzo mazuri. Uchovu wa siku mbaya tunaufahamu wote. Uchovu wa siku nzuri ndio wa kuutafakari.

Lakini tahadhari: msimu mbaya si kazi mbaya. Mama ntilie asijipime kwa mwezi wa Ramadhani, wala muuza sare za shule asijipime kwa Desemba na Januari peke yake. Tunaye mwenzetu wa maandazi kwenye lango la shule. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, alikaa bila soko hadi zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, na wapo waliomshauri aache kabisa. Alikataa. Alisema amri ya kuamka saa 10 usiku kukanda unga haijawahi kumkera hata siku moja, lililopungua ni watoto tu. Watoto waliporudi, yeye yupo pale pale na karai lake mpaka leo. Ndiyo maana tunapendekeza mtu aangalie miezi 12 kabla ya kuamua, isipokuwa kama mtaji unaliwa mbele ya macho yake.

Mara nyingine kazi si mbaya yote, ni kipande chake. Mfugaji wetu wa kuku wa nyama ana mkono wa ajabu kwa vifaranga: chanjo za mdondo na Gumboro hazimpiti, banda kavu, taa haizimiki. Ila kuku hawa wakifika wiki ya sita lazima waondoke, kwa sababu kila siku wanayozidi wanakula faida yako kwenye kiroba cha chakula. Na yeye kutafuta wateja hotelini ni sawa na kumpeleka hospitali. Tulimwunganisha na mwenzetu mwenye mdomo, samahani, mwenye kipaji cha kuongea, wakagawana. Hakuhitaji kuacha, alihitaji mwenzi.

Yuko na aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo, akaacha baada ya kusikia kila semina ikihimiza kujiajiri. Akaingia mitumba. Kufungua robota ni bahati nasibu, na yeye alilala macho wazi kila usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Alirudi darasani mwaka 2022. Watu walimcheka. Sisi tunaona alifanya hesabu sahihi, na kuajiriwa si kushindwa.

Wapo watakaosema, kazi ni kazi, mwenye watoto wanne hana nafasi ya kuchagua. Tunalijua hilo, wengi wetu ndio hao wenye watoto wanne. Lakini mwenzetu wa stendi alikuwa anachagua kila wiki: alichagua kuuza kifaa alichokijua ili alishe kazi asiyoiweza. Wala hatumwambii mtu aamke kesho na kufunga. Amalize mzigo alionao, akusanye madeni yake, na hiyo kazi mpya aijaribu kidogo kidogo kwa fedha ya hisa zake, siyo kwa mkopo.

Yeye tulimwongezea muda wa kulipa, na mwaka 2020 tukamkopesha cherehani badala ya fedha taslimu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, tusidanganyane, alishona viraka na kupunguza magauni. Siku hizi ana wasichana wawili anaowafundisha. Sare za kitenge mlizotuona nazo leo ni kazi ya mikono yake. Za wajumbe wawili zinabana mabegani, na malalamiko hayo tunaomba apelekewe fundi mwenyewe, siyo Kamati.