Kweli Yote Mbele ya Tabibu



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B yatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Mali yake iliishia kwa matabibu. Mbele ya Yesu, huku akitetemeka, hakuficha neno.

Hapa kwetu Buzwagi, mtu akishikwa na kizunguzungu na kuzirai, twauliza upesi: ni nani aliyemroga? Kwa swali hilo Shinyanga imewazika vikongwe wengi wasio na hatia. Kumbe huenda ni upungufu wa damu, malaria, moyo, kifafa, moshi wa injini ndani ya duara, au mvuke wa zebaki ichomwayo nyumbani.

Tabibu hawezi kutibu yaliyofichwa. Mchimbaji huificha zebaki, binti huificha mimba. Nenda, useme: ulianguka lini, ukifanya nini, umetumia dawa gani. Aliyekuona ukianguka afuatane nawe. Jibu lisipopatikana, rudi tena. Mwanamke yule hakukata tamaa.

Ndugu zangu, aibu ya kusema hupita upesi. Jirani aliyeuawa kwa kusingiziwa harudi. Amina.