Niamey: ndege ilipoondoka

Kikosi cha ulinzi wa rais kilimpindua Rais Mohamed Bazoum wa Niger Julai 26, 2023. Siku nne baadaye waandamanaji waling'oa kibao cha ubalozi wa Ufaransa mjini Niamey, wakakikanyaga. Haikuisha wiki, Ufaransa ikaanza kuwasafirisha raia wake, pamoja na wa mataifa mengine. Hapo sina lawama. Serikali yoyote ingefanya hivyo.

Lakini kila mgeni aliyepanda ndege aliacha watu: dereva, mpishi, mkalimani, jirani aliyemzoea. Urafiki uliokuwa fahari mwezi Juni ukageuka kuwa jambo la kuulizwa mtaani mwezi Agosti. Na adhabu ya mapinduzi haikumfuata mgeni Paris, bali ilibaki na mwenyeji. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilifunga mipaka na Niger, Nigeria ikaikatia umeme, malori ya chakula yakapanga foleni Malanville, upande wa Benin. Majenerali waliotwaa madaraka, bila shaka, hawakulala gizani.

Mashirika ya kigeni yanayoajiri wenyeji yaandike mapema, kwenye mkataba: ofisi ikifungwa ghafla, mshahara utalipwa miezi mingapi, na nani atapokea simu yao?